12.500 ni Ngapi? Soma Kiasi cha Pesa Vizuri Kabla ya Kubonyeza "Tuma"

Tuseme uko Kibokoni, umekaa barazani na kikombe cha kahawa, simu inalia. Ami yako wa Maskati amekutumia picha ya risiti kwenye WhatsApp. Imeandikwa OMR 12.500. Chini yake ameongeza maneno mawili matatu: "Zafika leo inshallah, wasalimie wote."

Moyo unaruka. Elfu kumi na mbili na mia tano! Tena za rial, si za shilingi. Rial moja ya Oman ni kama shilingi 336 za Kenya kwa bei ya karibuni, kwa hivyo ukipiga hesabu ya haraka unapata zaidi ya milioni nne. Kabla kahawa haijapoa ushamkopa fundi wa paa, na dada yako ashaambiwa aanze kutafuta ukumbi wa harusi.

Halafu pesa zinaingia: shilingi elfu nne na mia mbili hivi.

Hapo hakuna aliyeibiwa, na ami hajadanganya. Risiti ilisema kweli tupu. Rial kumi na mbili na nusu huandikwa hivyo hivyo, 12.500, na benki yoyote ya Oman itakuandikia hivyo. Tatizo ni macho yetu. Sisi wa Kenya tumezoea kwamba ukiona alama kisha tarakimu tatu, hayo ni maelfu. Alama ikiwa koma au nukta, nani ana habari? Mtu anasoma ujumbe huku anashuka tuktuk.

Makala hii ni ya yeyote anayepokea au kutuma pesa nje ya mipaka ya Kenya, na ukiwa unaishi Mji wa Kale, basi bila shaka ni wewe. Huku kuna mwenye ndugu Dubai, mwenye mteja Tanga, mwenye mtoto Ujerumani na mwenye mzigo uko njiani kutoka Kampala. Kuna pia sehemu moja ya wale mnaouza vitu mtandaoni na mna tovuti zenu au mmemlipa kijana awatengenezee. Hiyo sehemu ina mambo ya JavaScript kidogo, lakini usiogope, nimeiandika hata mimi wa masoko nikaielewa.

Pesa, paisa, baisa

Kwanza tumalizane na Oman.

Shilingi yetu ina senti 100. Dola ina senti 100. Dirham ya Falme za Kiarabu imegawanywa mara 100, riyali ya Saudia vile vile. Tumeizoea mia mpaka tunadhani dunia nzima iko hivyo. Rial ya Oman imegawanywa mara 1,000, na kila kipande kinaitwa baisa. Ndiyo maana baada ya nukta kuna nafasi tatu, wala si mbili. 12.500 ni rial 12 na baisa 500. Dinari ya Kuwait na dinari ya Bahrain nazo ziko hivyo, nafasi tatu.

Tena baisa na "pesa" ni ndugu wa baba mmoja. Yote mawili yametoka kwenye neno la Kihindi, paisa, lililosafiri na wafanyabiashara kuvuka bahari hii yetu. Oman likawa baisa, likabaki jina la kipande kidogo kabisa. Kwetu likawa pesa, likapanda cheo, likawa jina la fedha zote. Kwa hivyo jamaa yako wa Maskati akikwambia "nimebakiwa na baisa mia tano tu", ni nusu rial, kama shilingi 168. Usimwonee wivu.

Nafasi tatu za rial zinatuponza sisi kuliko mtu mwingine yeyote kwa sababu moja: rial ni pesa nzito. Imefungwa na dola ya Marekani, na tangu 1986 rial moja ni dola 2.6. Ukiisoma vibaya kwa mara elfu, kosa lako haliwi la soda, linakuwa la nyumba. Na ukienda upande wa pili ni vile vile. Mtu wa Maskati akikuuliza karo ya mtoto ni ngapi, ukamwandikia "12.500" ukiwa na maana ya shilingi elfu kumi na mbili na mia tano, yeye mwenye mazoea ya kwao anaweza kusoma kumi na mbili na nusu. Atashangaa shule gani hiyo ya bei ya mkate.

Mji huu haujawahi kuwa na pesa ya aina moja

Tukilalamika kuwa pesa za siku hizi zinachanganya, wazee watatucheka. Mombasa ilikuwa na reale za fedha zilizokuja na majahazi, ikawa na rupia za India, na mwaka 1888 Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ikatoa sarafu zake zenye jina la mji huu. Kuna kipande cha shaba cha pice moja kilichoandikwa MOMBASA, kikiwa na mwaka 1888 na mwaka 1306 wa Hijria, na picha ya mizani yenye neno la Kiarabu la uadilifu. Sarafu moja, kalenda mbili, maandishi aina mbili. Mwenye duka Ndia Kuu enzi hizo alikuwa anafanya kwa kichwa kazi ambayo leo simu yako inafanya kwa programu.

Na hesabu yake ilikuwa ngumu kuliko yetu. Rupia moja ilikuwa anna 16, anna moja pice 4, kwa hivyo rupia ilikuwa pice 64. Hakuna cha nukta hapo. Ukitaka kuandika rupia tano, anna nane na pice mbili, unaandika sehemu tatu tofauti. Mwaka 1920 rupia ikaondoka ikaja florini, na florini haikukaa hata kidogo, 1921 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100.

Mazoea ya zamani lakini hayafi haraka. Wazee wa Mji wa Kale mpaka leo senti hamsini wanaiita thumuni, neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane, ingawa nusu shilingi si sehemu ya nane ya shilingi kwa hesabu yoyote ile. Na sisi vijana tunaendelea kuandika 500/= kwenye karatasi bila kujua kwa nini.

Kwa nini, basi? Ile alama ya mkwaju imetoka kwa Waingereza, waliokuwa wakitenga shilingi na peni kwa mstari, na mahali pasipo na peni wanaweka kistari. Sisi tukageuza kistari kikawa viwili. Lakini /= ina kazi moja nzuri sana ambayo haijazeeka: inafunga mlango. Ukiandika 500 peke yake kwenye risiti ya mkono, mtu mwenye kalamu ya rangi ile ile anaongeza sifuri ikawa 5000. Ukiandika 500/=, ataiongeza wapi? Wauza leso wa Biashara Street wanaoandika risiti za mkono, endeleeni hivyo hivyo. Msibadilishe.

Kwenye ujumbe wa simu kazi hiyo ya kufunga mlango inafanywa na senti. Ksh 1,500.00. Zile sifuri mbili za mwisho watu wengi wanatuuliza ni za nini, wakati sarafu mpya zilizotoka mwisho wa 2018 zinaanzia shilingi moja na wakala hawezi kukupa senti. Jibu ni kwamba salio lako kwenye mtambo linahesabiwa mpaka senti, na pia zile mbili zinakuonyesha kiasi kimeishia wapi. Baada ya nukta ni mbili tu. Ukiona tatu, jiulize ni pesa ya nchi gani.

Koma ya Mombasa na koma ya Goma

Sasa hapa ndipo watu wengi hawaamini. Lugha ni moja, Kiswahili, lakini namba haziandikwi kwa njia moja kila Kiswahili kinapozungumzwa.

Mombasa, Dar es Salaam na Kampala tunaandika 1,500.00. Koma inatenga maelfu, nukta inatenga senti. Kongo walitawaliwa na Wabelgiji, na huko Ulaya bara mambo yamegeuzwa: koma ndiyo inayotenga senti. Kwa hivyo kompyuta ikiambiwa iandike namba hiyo hiyo kwa Kiswahili cha Kongo inaandika 1.500,00. Mjerumani naye anaandika 1.500,00, na Mfaransa anaweka nafasi tupu: 1 500,00.

Ukiwa unauza vikapu au viungo kwa wageni, hii si elimu ya darasani. Mtalii wa Kijerumani anayekuandikia kwamba amelipa "1.500" anasema elfu moja na mia tano. Ami wa Maskati akiandika "1.500" anasema moja na nusu. Tarakimu nne zile zile, nukta pale pale, na tofauti ni mara elfu. Hakuna njia ya kujua kwa kuangalia namba peke yake. Lazima ujue ni pesa gani na imeandikwa wapi.

Wahindi nao wana mtindo wao. Laki moja wao wanaiandika 1,00,000, kwa sababu baada ya elfu ya kwanza wanatenga mbili mbili, si tatu tatu. Sisi neno laki tulilichukua kutoka kwao, tukaliweka kwenye Kiswahili, ila koma zao tukaziacha bandarini. Laki yetu ni 100,000. Ukipata ankara ya nguo kutoka Mumbai imeandikwa ₹2,50,000, usidhani karani amekosea wala usidhani ni milioni mbili na ushee. Ni laki mbili na nusu.

Na wenye jamaa wanaotuma risiti za Kiarabu kitupu, macho yafunguke zaidi. Nyingi zinatumia tarakimu za Kiarabu, ambapo sifuri ni nukta (٠), tano inafanana na sifuri yetu (٥), na sita inafanana na saba yetu (٦). Waliopitia chuoni wanazijua. Kama hukupitia, kuna mtoto wa jirani aliyepitia, mwite.

"Elfu na mia mbili" au "elfu mia mbili"?

Nitatoka nje ya mada kidogo, lakini si mbali. Tumelaumu koma na nukta, ilhali Kiswahili chenyewe kina mitego kwenye hesabu, na siku hizi watu hawaandiki, wanatuma sauti.

Sikiliza: "mia tano" ni 500. "Mia na tano" ni 105. Tofauti ni "na" moja tu, na hiyo "na" ndiyo ya kwanza kumezwa na upepo wa Lighthouse. "Elfu na mia mbili" ni 1,200, lakini "elfu mia mbili" ni 200,000. "Elfu kumi na tano" karibu kila mtu atasikia 15,000, ila mwalimu mkali anaweza kukwambia ni 10,005 na usiwe na la kumjibu.

Kwa biashara, mimi msimamo wangu ni mkali: bei ya kusemwa kwa sauti haijawa bei. Iandikwe. Mtu akikutumia sauti, mrudishie kwa maandishi: "Yaani KES 1,200, sivyo?" Hata kama ni khala yako. Hasa kama ni khala yako, kwa sababu huwezi kumdai.

Shilingi ya nani?

Mpaka 1966 swali hili halikuwepo. Shilingi ilikuwa moja, Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka huo kila nchi ikatoa yake, zote zikabaki na jina lile lile, zikiongozana mwanzoni kwa thamani sawa. Leo hazisalimiani. Kwa bei za karibuni shilingi moja ya Kenya inapata kama 20 za Tanzania na kama 28 za Uganda. Somalia nao wana shilingi yao.

Kwa hivyo mtu akikuandikia "machungwa ya Muheza, Sh 50,000", umeambiwa nini? Kama ni za Kenya ni elfu hamsini. Kama ni za Tanzania ni kama elfu mbili na nusu za kwetu. Kama yule muuzaji amehamia Uganda bila kukwambia, ni kama elfu moja na mia nane. "Sh" haitoshi hata kidogo. "Shs" haitoshi pia.

Dunia ilishatatua hili kwa kuipa kila pesa herufi tatu. Mbili za kwanza mara nyingi ni za nchi, ya tatu ni ya pesa yenyewe: KES ya Kenya, TZS ya Tanzania, UGX ya Uganda, SOS ya Somalia, CDF ni faranga ya Kongo, OMR rial ya Oman, AED dirham ya Falme za Kiarabu. Herufi hizo hazina ladha, nakubali. Hakuna mtu Marikiti atakayekuuzia iliki kwa "KES mia mbili". Lakini pesa ikivuka mpaka wa Lunga Lunga tu, andika herufi tatu. KES 50,000. TZS 50,000. Hapo hata mkigombana baadaye kuna ushahidi.

Uganda wana jambo lao la ziada: shilingi yao haina senti kwenye hesabu za kompyuta. UGX 50,000 inaishia hapo, hakuna .00. Ukipokea ujumbe wa pesa za Uganda usio na sifuri mbili mwishoni, haujakatwa. Umekamilika. Faranga za Rwanda na Burundi ni hivyo hivyo.

Kwa wenye tovuti na maduka ya mtandaoni

Kama huna tovuti, ruka sehemu hii uende kwenye ya mwisho. Kama unayo, mwite huyo kijana aliyekutengenezea, msome pamoja.

Kurasa nyingi za mtandao zinaendeshwa na lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript. Ndani yake, namba ni namba tu. Haijui Kenya, haijui koma. Mteja akiandika 1,500 kwenye kisanduku cha malipo na fundi wako akatumia amri ya parseFloat kuigeuza iwe namba, JavaScript inasoma moja, inakutana na koma, inashtuka, inaacha hapo hapo. Imepata 1. Hailalamiki, haitoi onyo. Mteja ameandika elfu moja na mia tano, duka lako limerekodi shilingi moja, na mzigo umeenda na bodaboda. Akiandika 1.500 kwa mtindo wa Kijerumani, unapata moja na nusu.

Dawa ya hilo ni kumkataza mteja asiandike koma kabisa. Kisanduku kipokee tarakimu tupu, kama menyu ya simu inavyofanya, halafu tovuti yenyewe ndiyo imuonyeshe mteja kiasi kikiwa kimepambwa, athibitishe.

Kupamba huko fundi asikufanye kwa mikono, akibandika "Ksh" mbele na kutafuta pa kuweka koma. Kuna chombo tayari ndani ya kila kivinjari cha kisasa, ni cha bure na kinajua haya yote tuliyoyazungumza. Mstari wake ni huu:

new Intl.NumberFormat("sw-KE", { style: "currency", currency: "OMR", currencyDisplay: "code" }).format(12.5)

Kinatoa OMR 12.500, nafasi tatu, bila kuambiwa. Badilisha OMR iwe KES, mpe 1500, kitatoa KES 1,500.00. Weka UGX na 50000, kitatoa UGX 50,000 bila senti. Ile "sw-KE" ni kusema Kiswahili cha Kenya. Ukiweka "sw-CD" ni cha Kongo, na koma zitageuka. Na lile neno "code" ndilo linaloleta herufi tatu badala ya alama, na kwa anayeuza nje ya Kenya mimi ningeliacha hapo hapo.

Kumbuka jambo moja: mahali na pesa ni vitu viwili tofauti. Mteja wako wa Mombasa anaweza kulipwa kwa rial, na atataka kuisoma kwa koma za Mombasa. Mafundi wengi wanaviunganisha, mtu akichagua Kiswahili wanambadilishia na pesa. Kwa nini?

La mwisho kwa fundi, na hili ndilo linalouma zaidi. JavaScript ina udhaifu kwenye sehemu ndogo ndogo. Mwambie ajumlishe 0.1 na 0.2, atapata 0.30000000000000004. Kwa hivyo wengi wanahifadhi pesa kwa kipande kidogo kabisa, yaani shilingi 1,500 inahifadhiwa kama senti 150000, kisha inagawanywa kwa 100 wakati wa kuonyesha. Ni njia nzuri, lakini mia si ya kila mtu. Baisa 12500 ukizigawa kwa 100 unapata rial 125, mara kumi ya ukweli. Shilingi za Uganda 50000 ukizigawa kwa 100 unapata 500, na mwenzako wa Kampala amepoteza karibu kila kitu. Kigawanyo kitokane na pesa yenyewe: 1,000 kwa Oman, 100 kwa Kenya, 1 kwa Uganda. Mwambie fundi akuonyeshe kwa mfano wa pesa hizo tatu kabla hujamlipa.

Kabla hujabonyeza, na baada ya kupokea

Unapotuma pesa nje, ukurasa wa mwisho unakuonyesha viasi viwili: kinachotoka kwako na kinachofika kule. Watu wanaangalia cha kwanza tu, kwa sababu ndicho kinachouma. Angalia na cha pili. Soma herufi tatu kwanza, kisha alama, kisha hesabu tarakimu zilizo baada ya alama ya mwisho. Mbili kwa Kenya na Tanzania, tatu kwa Oman, hakuna kwa Uganda. Kisha yasome kwa sauti, hata ukionekana chizi: "rial kumi na mbili na nusu."

Unapopokea, mwandiko wa kiasi unaweza kukuonyesha mtapeli. Ujumbe ukisema Ksh 1,5000.00 au Ksh1.500,00, huo haujatoka kwa mtambo wa kampuni ya Kenya. Mashine haikosei mahali pa koma, binadamu anayeandika haraka ndiye anayekosea. Kawaida sekunde chache baadaye kuna simu: "Ndugu yangu, nimetuma kimakosa, nirudishie tafadhali." Usirudishe chochote. Lakini pia usijifunze kinyume chake, ukadhani ujumbe wenye koma nzuri ni wa kweli. Matapeli nao wanasoma. Cha kuamini ni salio lako, uliloliangalia mwenyewe kwenye menyu au programu, si SMS.

Na kama ni wewe umetuma zaidi ya ulivyokusudia, usianze kumpigia uliyemtumia mkabishana mpaka jioni. Tupigie sisi kwanza, mara hiyo hiyo, ukiwa na ujumbe wa thibitisho mkononi. Pesa ikiwa bado imekaa kwenye akaunti ya mpokeaji kuna cha kufanya. Akishaitoa kwa wakala, inabidi akubali mwenyewe kuirudisha. Tutakuuliza nambari ya muamala, saa uliyotuma na kiasi. Hatutakuuliza PIN yako, na anayekuuliza si sisi.